UZI: Unga mmoja wa mlonge, karatasi mbili za maabara, moja yasema 9 nyengine 91. Nani muongo?

FundiVichupa (Malindi)

Salaam jamani. Uzi utakuwa mrefu kwa hivo wekeni kahawa karibu kabisa.

Shangazi yangu akaa Barani, ana milonge sita nyuma ya nyumba (wengine mwaita mzunze), achuma majani, aanika, asaga, auza unga. Hii kazi aifanya tangu zamani kabla watu hawajaanza kuutia kwenye vichupa vya bei. Sasa mwezi uliopita mwenye duka mmoja wa hizi za kuuzia watalii akamwambia mama nitachukua vichupa mia lakini nataka karatasi ya maabara yenye flavonoidi (kemikali za asili za kwenye majani na matunda), maana huyu mwengine anayeniletea kaandika mg 90 kwa gramu.

Shangazi hajui flavonoidi ni mnyama gani. Akapeleka kipakiti Mombasa, akalipa, karatasi ikarudi na 9.0. Alikasirika siku mbili nzima. Kakangu akampelekea kipakiti kengine Nairobi, unga ule ule, wa siku ile ile, mkebe mmoja. Ikarudi 91. Basi usiku nimetoka kazini miguu yaniuma akanijia na karatasi zake kwenye bahasha akazitandaza mezani akaniambia "wewe si washinda na vichupa kutwa, haya nambie mwizi ni yupi hapa."

Mi ni fundi wa maabara, si daktari wala profesa, lakini hii ya flavonoidi nimeifanya mpaka vidole vimegeuka manjano. Jibu fupi: hakuna mwizi. Zile namba mbili ni kitu kimoja. Jibu refu nalileta nikipata nafasi.

KahawaTungu

Hamna kitu hapo. Hizo ni namba za kuuzia tu. Moja 9 nyengine 91 halafu watuambia ni kitu kimoja? Nikikukopa 91 nikulipe 9 utakubali?

BintiMkomani (Lamu)

Dada FundiVichupa naomba usiuache huu uzi njiani 🙏 niko mwaka wa mwisho, mradi wangu ni majani ya mpera na mashine yanichezea shere. Nitauliza ukimaliza.

FundiVichupa

KahawaTungu nikikukopa dola 91 ukanilipa shilingi 9 tutagombana, ndiyo maana lazima tuulize 91 ya nini. Subiri.

Haya, kwanza tuone ile namba yatoka wapi, maana wengi wafikiri kuna mashine watia unga yasoma "flavonoidi" kama mizani ya sokoni. Hakuna mashine hiyo.

Mi hufanya hivi. Napima unga gramu moja, natia methanoli iliyochanganywa na maji mililita 20, natikisa, naacha, nachuja kwa karatasi. Napata maji ya kijani mazito kama mchuzi wa mchicha. Huo mchuzi naupunguza mara kumi kwa sababu ukiusoma ulivyo mwanga haupiti. Halafu nachukua mililita 2 ya huo uliopunguzwa natia mililita 2 ya alumini kloridi asilimia 2. Hapo ndipo penye raha. Flavonoidi nyingi za majani zina mahali pa kuishika alumini, kwenye ile oksijeni ya kaboni ya 4 na haidroksili ya jirani yake, zikishashikana rangi yageuka manjano mbele ya macho yako. Mwanzo yaona kama haijafanya kitu, ukigeuka ukirudi ishakuwa manjano kama mchuzi uliotiwa bizari. Nasubiri nusu saa, namimina kwenye kuveti (kichupa kidogo cha kusomea), naifuta kwa karatasi laini (alama ya kidole tu yatosha kukuharibia), natia kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga, nasoma kwenye nanomita 415.

Mashine yanipa namba ya mwanga uliomezwa. Yenyewe haina maana mpaka uwe na kitu cha kulinganishia. Kwa hivo kando umeshatengeneza vichupa vya kwesetini safi (flavonoidi mojawapo), ile ya kununua ya unga wa manjano, mikrogramu 10 kwa mililita, 20, 40, 60, 80, 100. Umevisoma vyote, umechora mstari. Mstari ukiwa umenyooka vizuri ndipo wachukua ile namba ya majani wauliza kwenye mstari: manjano hii ni sawa na kwesetini kiasi gani?

SAWA NA. Shikeni hapo kwenye sawa na. Sijasema kwenye mlonge mna kwesetini kiasi hicho. Nimesema manjano yote ya kwenye kichupa, ya kila flavonoidi iliyomo, ni sawa na manjano ambayo ingetolewa na kwesetini kiasi hicho.

Unga wa shangazi niliupima mwenyewe mara tatu: 8.7, 9.1, 9.2. Wastani 9.0. Kwenye mstari ilikuwa mikrogramu 45 kwa mililita, mara kumi kwa ile niliyopunguza, mara 20 ya methanoli, gawanya kwa gramu moja. Hapo mikrogramu 9000, yaani mg 9. Mombasa wako sawa.

mwl_kemia

Umeeleza vizuri fundi. Ila umesahau kusema ule ukijani. Klorofili nayo yameza mwanga huko huko karibu na 430, mtu akisoma tu bila kutoa rangi ya majani yenyewe atapata flavonoidi za bure.

FundiVichupa

Ahsante mwalimu, kweli kabisa. Kuna kichupa cha pili: dondoo ile ile (ule mchuzi wa majani) lakini badala ya alumini watia methanoli tupu, wasoma, watoa. Mi siku ya kwanza nilisahau nikapata 12 nikafurahi nikampigia shangazi simu. Nikairudia kesho yake na kile kichupa ikashuka 9. Simu ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

KahawaTungu

Sasa 91?

FundiVichupa

Naja. Ngoja stima irudi, nachapa na simu ya asilimia 14.

AmiShela (Lamu)

Mwanangu nimesoma yote. Mimi nauza miti shamba tangu siku za babangu, mkilifi, mpera, mrehani. Nina suali moya. Sisi hatutii hiyo methanoli, sisi twatia mai moto. Mtu anywa mai. Yeo mwapima kitu ambacho hakuna mtu anakinwa, faida yake nini?

FundiVichupa

Shikamoo ami. Hilo suali lako ningependa waulizwe walioandika karatasi nyingi ninazozisoma.

Wasema kweli. Methanoli yavuta vingi, ndiyo maana twaipenda, twataka kujua jani lina nini lote. Maji yavuta vingine. Flavonoidi kwenye jani mara nyingi imefungwa na sukari, na yenye sukari yayeyuka kwenye maji kuliko ile tupu, kwesetini peke yake ukiitia kwenye maji baridi yakaa chini yakuangalia. Kwa hivo mtu ataka kuuza majani ya chai basi na apime chai: majani kiasi kile kile anachotia mteja, maji ya moto kiasi kile kile, dakika zile zile, achuje, asome hayo maji, na kwenye karatasi aandike mg kwa kikombe. Shangazi unga wake waliwa mzima, watiwa kwenye uji, ndiyo maana kwake ni kwa gramu ya unga.

Na si kwamba methanoli yabaki kwenye unga wenu jamani, nisije nikaulizwa. Ni sumu ile, hainywewi, yatumika kwenye kichupa cha kupimia tu na kumwagwa kwenye pipa lake.

AmiShela (Lamu)

Marahaba. Hapo umesema ndia. Mimi nalikuwa nadhani mwapima wazungu wasikie vyema tu.

FundiVichupa

😂 Ami hata hilo lipo.

Stima imerudi. Sasa 91. KahawaTungu kaa chini.

Ile karatasi ya Mombasa chini kwa herufi ndogo sana kumeandikwa mg QE kwa gramu ya unga mkavu. QE ndiyo hiyo sawa na kwesetini. Ile ya Nairobi kumeandikwa mg RE kwa gramu. RE ni sawa na rutini. Na gramu ya nini hawakusema! Gramu tu. Nikapiga simu, akapokea kijana mpole akaangalia daftari lake akanambia ni gramu ya dondoo kavu.

Sasa tuhesabu pole pole.

Kwanza dondoo. Ukiloweka unga kwenye methanoli ukachuja halafu methanoli ukaifukuza kwa moto mdogo, chini yabaki kitu cheusi cha kijani, chanata kama lami. Mi nilitia unga gramu 5 nikapata hiyo lami gramu 1. Yaani moja ya tano. Flavonoidi zote zimehamia humo, makapi yametupwa. Kwa hivo zile mg 9 zilizokuwa kwenye gramu moja ya unga sasa ziko kwenye gramu 0.2 ya lami. Ukitaka kuandika kwa gramu ya lami ni mara tano: 45. Hakuna kilichoongezeka. Ni kama kuuliza sukari ngapi kwenye gilasi ya maji ya muwa na sukari ngapi kwenye guru la maji yale yale.

Pili rutini. Rutini ni kwesetini iliyobeba sukari mbili mgongoni. Molekyuli ya kwesetini uzito wake 302, ya rutini 610. Kinachotoa manjano ni ile sehemu ya kwesetini, sukari haina rangi. Kwa hivo kupata manjano ile ile wahitaji rutini nzito zaidi, karibu mara mbili kwa uzito. Mtu aliyechora mstari wake kwa rutini atapata namba karibu mara mbili ya aliyechora kwa kwesetini, kichupa kile kile cha majani.

45 mara 610 gawanya 302.

90.9.

Nilipoipata nilikuwa peke yangu jikoni saa tano usiku nikacheka mpaka paka akatoka nje.

BintiMkomani (Lamu)

Wallahi nimesisimka 😭

mwl_kemia

Hesabu nzuri lakini nikuharibie kidogo. Kwenye rutini ile sukari imekalia kaboni ya 3, kwa hivo alumini yashika upande wa 5 tu, na kwesetini yenyewe yaweza kushika kote kuwili. Rangi zao hazilingani sawasawa hata ukihesabu molekyuli kwa molekyuli. Kuangukia 91 kamili ni bahati.

FundiVichupa

Nakubali mwalimu. Ningepata 75 au 105 bado ningeridhika. Nilichotaka kujua ni kama tofauti ya mara kumi yaelezeka bila kumwita mtu mwizi, na yaelezeka.

Na kuna lingine, hii njia ya alumini haihesabu zote. Katekini za kwenye chai kwa mfano hazina ile oksijeni ya kaboni ya 4, alumini haina pa kushika, ukipima majani ya chai kwa njia hii utaambiwa masikini kumbe tajiri. Mlonge twashukuru flavonoidi zake nyingi ni jamaa za kwesetini na kempferoli, zashika vizuri.

KahawaTungu

Sawa nimekaa chini. Lakini hujajibu la msingi. Wa mg 90 ni dawa zaidi au si dawa zaidi? Na hivi si ndivyo vitamini P walivyosema wazee?

FundiVichupa

Vitamini P lilikuwa jina la 1936, la Szent-Györgyi yule wa vitamini C na wenzake, walidhani ni vitamini. Baadaye ikaonekana si vitamini jina likaachwa. Nashangaa bado lachapwa kwenye vichupa.

La dawa: mi napima kilichomo kwenye kichupa changu. Ukishameza, tumbo lina maamuzi yake, nyingi hazifiki kwenye damu vile zilivyo, zakatwa zabadilishwa njiani. Kwa hivo namba yangu yakwambia unga huu na unga ule upi una nyingi, na kama wa mwezi huu walingana na wa mwezi uliopita. Ukitaka kujua kama yatibu kitu hilo si la spektrofotomita, na nisimsikie mtu amwacha daktari kwa sababu ya uzi wangu.

BintiMkomani (Lamu)

Dada zamu yangu sasa. Majani ya mpera. Kwa alumini napata namba nzuri tu. Nikaenda chuo nikatia kwenye HPLC na kwesetini ya kulinganishia, kilima cha kwesetini kwenye grafu chatoka dakika ya 14, lakini kwa majani pale dakika ya 14 kuna kichuguu tu!! Vilima vikubwa vyote viko mbele, dakika ya 8, ya 9, ya 10. Msimamizi aniambia "rudia." Nimerudia mara nne. Nakaribia kulia.

FundiVichupa

Usilie mamangu, mashine yako ni nzima na majani yako ni mazima.

Kwa wasiojua, HPLC ni pampu yasukuma maji yenye methanoli au asetonitraili na asidi kidogo kupitia kolamu, kijibomba cha chuma kimejazwa unga laini sana uliopakwa minyororo ya kaboni 18, ndiyo waita C18, yapenda mafuta haipendi maji. Watia dondoo yako mwanzo, kila kitu chatoka mwisho kwa wakati wake na taa yakisoma kinapopita. Sasa Binti we ni wa Mkomani wanijua vile vichochoro. Watoke watu wawili pamoja pale Mkomani waende Langoni. Mmoja mgeni, hajui mtu, afika sasa hivi. Mwengine ana jamaa kila baraza, ashikwa mkono huku, aulizwa hali ya mama kule, afika adhuhuri. Kwesetini tupu ndiyo mwenye jamaa, C18 yamshika kila hatua. Kwesetini iliyobeba sukari ni mgeni, sukari yapenda maji, apita mbio.

Vilima vyako vya dakika ya 8 mpaka 10 ni hao hao kwesetini wamebeba mizigo. Kwenye mpera wako wengi, guaijaverini, avikularini, haiperosidi. Alumini yawaona wote ndiyo maana namba ni kubwa. HPLC umeiambia nitafutie kwesetini tupu, imekutafutia, haipo ila kidogo.

Ukitaka uione wavue sukari kwanza. Kuna njia ya tangu 1992 watu wengi waifuata: methanoli asilimia 50 yenye asidi haidrokloriki molari 1.2, ichemke kwenye nyuzi 90 masaa mawili, na chupa iwe na mfuniko wa kurudisha mvuke isije ikakauka. Pooza, chuja, tia kwenye mashine, soma nanomita 370. Na usizidishe muda ukadhani ndiyo vizuri, ukiipika sana na kwesetini yenyewe yaanza kuharibika. Jaribu masaa tofauti uone kilima chasimama wapi.

BintiMkomani (Lamu)

Naenda Jumatatu inshallah.

AmiShela (Lamu)

Hiyo ya mabaraza ni kweli. Mimi kutoka Langoni kuya msikitini huchukua saa nzima.

mwl_kemia

Fundi, unyevu je? Malindi hii ya kusi, unga wa kuachwa wazi walewa maji.

FundiVichupa

Eeh umenikumbusha. Zile 9.0 ni kwa hesabu ya unga mkavu, kipande kando nilikikausha tena kwenye ovini nyuzi 105 kujua maji ni kiasi gani (kile kipande cha kupima maji chatupwa, hakitumiki tena kupima flavonoidi kishaungua). Mkebe mmoja wa shangazi uliokaa wazi jikoni ulikuwa na maji asilimia 10. Ukiuza gramu 100 hapo gramu 10 ni maji ya hewa ya Malindi. Usipotoa hayo maji kwenye hesabu unga wako waonekana 8.1 na wengine watasema mlonge umeisha nguvu.

Na kuanika: zamani aanika juu ya bati jua la saa sita, majani yatoka rangi ya kaki. Sasa aanika kwenye jamvi barazani, upepo wapita, yabaki kijani. Nilipima mara moja tu kila aina, ya kivulini ilikuwa juu kidogo, lakini mara moja si ushahidi, nataka nirudie msimu ujao na majani ya mti mmoja.

BintiMkomani (Lamu)

DADAAAA. Dakika ya 14. KILIMA. Kirefu kimetoka juu ya karatasi ikabidi nipunguze mara tano. Vile vya mbele vyote vimeyeyuka. Msimamizi kaangalia kasema "nilikwambia urudie." 🙄

FundiVichupa

😂😂 Mashallah hongera. Muandikie hayo hayo kwenye shukrani.

KahawaTungu

Na yule wa mg 90 anayeuza duka moja na shangazi? Mwisho wake nini?

FundiVichupa

Nilienda dukani na shangazi jana. Tukaomba kuona kile kichupa chake. Kimeandikwa "flavonoidi mg 90 kwa gramu" kwa herufi za dhahabu, basi. Ya kwesetini au rutini hakuna, ya unga au dondoo hakuna. Kilichomo ndani ni unga, twauona. Mi nikamwambia mwenye duka simtuhumu mtu, muulize tu karatasi yake chini imeandikwa gramu ya nini. Akampigia pale pale. Jamaa akasema atatafuta karatasi.

Mwenye duka akamgeukia shangazi, "haya yako tuandike ngapi?" Nikamwandikia kwenye kipande: kila gramu moja ya unga mkavu ina flavonoidi mg 9, kwa hesabu ya kwesetini, dondoo ya methanoli. Akasema maneno mengi hayaenei kwenye kichupa.

Shangazi akachukua kile kipande akakisoma mara mbili, akapima kwa vidole kwenye kifuniko, akaniambia andika hivo hivo uzungushe. Vichupa mia twavibandika kesho baada ya alasiri, mwenye kucha ndefu aje atusaidie.